Breketi Tano za Kushoto

Ya kwanza ilidondokea kwenye chai.

Pengo alikuwa anakunywa chai asubuhi kabla ya kwenda shule, mkate hajaugusa hata, akasikia kitu kinagonga ndani ya kikombe, tik, kama punje ya mchele iliyoangukia sahani. Akachungulia. Akaingiza kijiko, akakorogakoroga, akakitoa na kichuma kidogo cha mraba kinachong'aa. Akamtazama babu yake aliyekaa upande wa pili wa meza. Babu mtu alikuwa ndiyo kwanza anataka kuongeza sukari, akabaki na kijiko hewani.

"Babu, imetoka."

"Ya upande gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hakuuliza kama inauma, hakuuliza kama mtoto amemeza kitu. Aliuliza upande, na baadaye alipokuja kulikumbuka swali hilo alilionea haya.

"Kushoto," akasema Pengo.

Kijiko kikashuka mezani bila kuchota sukari.

Sasa, ili uelewe kwa nini mtu mzima na mvi zake anywe chai bila sukari kwa ajili ya upande wa jino, inabidi kwanza uijue kazi yake. Watu wanamwita Mzee Plasta. Ni jina la kazini hilo, likamfuata mpaka nyumbani, hata binti yake wa kumzaa akipiga simu kliniki anasema naomba kuongea na Mzee Plasta. Miaka ishirini na sita amekaa kwenye chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno, chumba chenye sinki pana, meza ya mbao iliyoliwa na maji kwenye kona, mashine ya kutetemesha plasta ili mapovu yatoke, na rafu tatu zilizojaa vinywa vya watu. Vinywa vya plasta, vyeupe, vimepangwa kwa namba. Mzee akikutana na mtu njiani hakumbuki jina wala sura, lakini yule mtu akicheka tu, basi: ah, huyu ndiye yule wa gego lililolala.

Zamani alitengeneza meno ya bandia. Watu wameoa na kuolewa kwa meno yake, na wengine wamezikwa nayo. Siku hizi hayo yanatumwa kwenye karakana kubwa yenye mashine inayochonga yenyewe, leo yanakwenda, keshokutwa yanarudi kwenye kiboksi kama peremende. Kazi iliyobaki kwenye chumba kile ilikuwa moja tu, nayo ni trei.

Maana kupachika breketi kuna njia mbili. Breketi ni vile vichuma vinavyogandishwa kwenye meno yaliyopinda, kila jino na chake, halafu waya unapita juu yake kuyavuta yanyooke. Njia ya kwanza ni ya mkono. Mgonjwa analala kwenye kiti, midomo imevutwa kwa plastiki mpaka anafanana na samaki, daktari anashika breketi kwa kibano, anaipaka gundi, anaiweka kwenye jino, anaisogeza juu kidogo, chini kidogo, anaimulika kwa taa ya bluu gundi igande, kisha anachukua nyingine. Moja moja hivyo, mpaka ishirini. Mate yanajaa, shingo ya daktari inakakamaa, na mgonjwa ndiyo hapo anataka kupiga chafya.

Njia ya trei kazi yake kubwa inafanyika mezani. Mzee Plasta anazipanga breketi kwenye meno ya plasta yaliyotokana na kipimo cha mgonjwa mwenyewe, yaani ule ujiuji mzito aliouuma ukaganda na alama za meno yake, bila mate, bila haraka. Anazishikiza kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, anazifunika kwa mpira laini ambao ukikaa unashika umbo, anaviloweka vyote kwenye maji ya vuguvugu. Mpira ukibanduka unaondoka na breketi zote, zimekaa ndani yake kama mayai kwenye trei, migongo juu. Anaisugua ile migongo kwa brashi, anaikausha kwa upepo wa mashine, anafunga. Daktari yeye atapaka gundi kwenye migongo, atabandika trei mdomoni mara moja, atamulika, ataibandua. Breketi zinabaki kwenye meno na mpira unatoka mtupu, kama kila kitu kimekwenda sawa.

Hilo "kama" ndilo lililomweka Mzee Plasta roho juu tangu mwaka uanze.

Daktari wa kliniki ile ni mama mmoja mrefu, mpole wa sauti, lakini hana masihara na daftari lake. Mwanzoni mwa mwaka alimwita Mzee akamwambia: "Mzee wangu, watu wanabishana tu. Waliozoea mkono wanasifia mkono, waliozoea trei wanasifia trei. Mimi nataka kuhesabu."

Akachagua wagonjwa kumi na wawili. Kila mmoja kinywa chake kiligawanywa katikati, upande mmoja breketi za mkono, upande mwingine za trei, na upande upi upate nini waliamua kwa kuokota vikaratasi kwenye boksi la glovu. Mpaka mwisho wa mwaka, njia itakayodondosha breketi nyingi zaidi itaachwa.

"Ikiachwa trei, kile chumba cha nyuma nitaweka kiti cha pili cha wagonjwa," daktari akasema. "Nakwambia mapema usije ukasikia kwenye korido."

"Na mimi?"

"Wewe tutaona."

Mzee alishamsikia daktari akisema "tutaona" juu ya meno mengi, na mengi katika hayo yaling'olewa.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hii ishike vizuri. Mgonjwa akigundulika anatafuna vitu vigumu, barafu, mifupa, kalamu na kadhalika, huyo anatolewa kwenye hesabu na vyake vyote, maana hapo kosa ni la mdomo wake, si la njia.

Mgonjwa wa kumi na mbili, wa mwisho kabisa, alikuwa Pengo. Ana miaka kumi na mitatu. Jina hilo alilipata alipong'oka meno manne ya mbele kwa mwezi mmoja akiwa darasa la kwanza, likamganda, ingawa sasa meno yameota mpaka hayana pa kukaa, yanapandana kama watu kwenye foleni. Karatasi yake ikatoka: kulia mkono, kushoto trei. Siku anapachikwa, daftari lilikuwa linasema mkono zimedondoka tatu, trei mbili. Mzee Plasta alikuwa anatembea kwenye korido kama mtu mwenye viatu vipya.

Waya ulikuwa bado. Daktari yule hufunga waya baada ya mwezi, anasema acha breketi zizoee nyumba kwanza. Kwa hiyo breketi ikilegea hakuna cha kuishikilia, inadondoka tu.

Na zikadondoka. Baada ya ile ya chai, ya pili ilitokea wakati wa kupiga mswaki, Pengo akaiwahi kabla haijaingia kwenye tundu la sinki. Ya tatu ilimtoka darasani akisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Halafu zikafuatana mbili siku moja. Wiki tatu, breketi tano, zote za kushoto. Upande wa kulia, kimya. Kila Pengo alipofungua mlango akitoka shule, babu yake alimtazama mdomo kabla hajaitikia salamu.

"Babu, mimi sijambo," akasema Pengo siku moja. "Uliza na mimi, siyo meno tu."

Mama yake Pengo ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapohapo sebuleni, na mara nyingi anaongea akiwa na pini mdomoni, jambo linalofanya maneno yake yawe machache na makali. Vile vichuma alikuwa anavihifadhi kwenye kiberiti kitupu juu ya kabati la vitambaa. Ilipofika ya tano alizima cherehani, akachukua begi la shule la binti yake, akalimwaga lote mezani. Vitabu, rula, sweta, na kifuniko cha kalamu kilichotafunwa mpaka kimekuwa bapa.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Hiki nini?"

"Cha zamani hicho, mama. Kabla ya breketi."

"Cha zamani kinakaa kwenye begi kinafanya nini?"

"Kimekaa tu. Sitafuni tena, naapa."

"Breketi zinatoka zenyewe? Zina miguu?"

"Sijui. Mkate wenyewe nalowanisha, mama. Tufaa nakatiwa vipande kama mgonjwa. Muulize babu."

Hapa sasa lazima useme ukweli wa Mzee Plasta hata kama unampenda. Aliposikia habari ya kifuniko cha kalamu, kitu fulani ndani yake kilikaa kitako kikapumzika, kama mtu aliyesimama muda mrefu akaletewa kiti. Kama Pengo anatafuna kalamu, Pengo anatoka kwenye hesabu. Akitoka, zile tano zinatoka naye. Trei inarudi kuwa na mbili, mkono tatu, na kile chumba kinabaki chumba.

"Mjukuu wangu," akasema, kwa sauti ya upole ambayo yeye mwenyewe hakuipenda, "kama ni kalamu, sema tu ni kalamu. Daktari hakuli."

Pengo akamgeukia. Hakulia. Alimtazama tu, mdomo umefumba, ulimi unazunguka ndani upande wa kushoto kugusa mahali palipo wazi.

"Hata wewe, babu?"

Mama yake akamwambia Jumamosi hatoki, na begi litakuwa linapekuliwa kila siku akirudi. Na kweli alilipekua. Hata kulinusa alilinusa.

Jumatano, siku moja kabla ya Pengo kwenda kliniki, Mzee alichukua kile kiberiti akaenda nacho kazini. Alijiambia anataka kuona kama breketi zinaweza kutumika tena. Labda ndivyo. Akazimwaga kwenye kitambaa cheusi mezani, akavuta taa, akachukua lenzi yake.

Mgongo wa breketi una wavu mdogo, kama chekeche, ambao gundi inaingia na kushika. Na fundi akiona breketi iliyotoka anaweza kuisoma. Kama ni jino ndilo lililoikataa gundi, pengine kwa sababu ya mate, gundi yote inakuja na breketi, wavu umejaa. Kama mtu ametafuna kitu kigumu, gundi inavunjika ovyoovyo, nusu huku, nusu kule. Mzee akaigeuza ya kwanza. Wavu mtupu, msafi, kama chekeche lililooshwa. Akaigeuza ya pili. Msafi. Alipofika ya tano alikumbuka Pengo alivyomwambia siku ya chai: imetoka, babu, lakini pana kitu kimebaki kinakwaruza ulimi. Gundi ilibaki kwenye jino. Jino liliipokea vizuri sana. Kilichoikataa gundi ni kile chuma.

Na kile chuma, kabla hakijafika kwa daktari, kilikuwa mikononi mwa nani?

Akaisogeza lenzi karibu aangalie tena, akaona ukungu. Akaifuta kwa shati, ukungu ukatapakaa. Akaitazama kwenye mwanga. Ulikuwa mchoro wa kidole gumba, mistari yake yote, wa mafuta.

Akakaa chini.

Plasta inakausha mikono. Ukiishika miaka ishirini na sita, ngozi inapasuka kama udongo wa kiangazi, ndiyo maana kila siku akimaliza kazi Mzee hunawa na kujipaka mafuta mazito ya mgando kutoka kopo linalokaa dirishani. Siku ya trei ya Pengo alimaliza kama kawaida. Alisugua migongo, akakausha kwa upepo, akaifunga trei. Akanawa, akajipaka mafuta. Akavaa koti. Akafika mlangoni, akarudi. Kuna nini? Hakukuwa na kitu. Ilikuwa ya mjukuu wake tu. Akaifungua, na badala ya kutazama kwa lenzi kama anavyofanya kwa watu wote, akazipitia zile breketi kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mama anavyopapasa paji la mtoto kuona kama lina joto, asije akaacha chembe ya plasta ikamuumiza. Akaridhika. Akaifunga tena, akaenda nyumbani anapiga mluzi.

Wanafunzi wangapi amewafundisha kwamba mgongo wa breketi hauguswi hata na pumzi. Wangapi amewafinya masikio.

Sasa hapo mezani kulikuwa na kopo la gundi, na ile taa ya bluu ya zamani iliyotupwa huku nyuma. Mzee alivitazama. Ni tone dogo tu, kwenye wavu wa breketi mbili tatu, livunjwe kidogo lionekane limetafunwa. Daktari akiangalia atasema naam, kalamu. Pengo atasamehewa, watoto wanasamehewa. Jumamosi moja ya kukaa ndani haiui mtu. Alilifungua kopo. Aliisikia harufu yake. Kisha akaona kwamba anazishika zile breketi kwa kibano, kwa uangalifu mkubwa, asije akaweka kidole, na jambo hilo likamchoma kuliko yote. Kumbe anajua. Akalifunga kopo, akazirudisha breketi kwenye kiberiti, akakitia mfukoni. Lakini usije ukadhani aliamua. Alifunga kopo tu.

Alhamisi mchana Pengo akalala kwenye kiti, mama yake amesimama kwa nyuma na mkoba kifuani, Mzee Plasta mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Nesi akawasha taa ya juu. Daktari akaingiza kioo kidogo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena.

"Tano," akasema. Akavua glovu. "Unatafuna nini, mwanangu?"

"Sitafuni kitu."

"Sigombi. Nataka kujua tu, niandike."

"Sitafuni, daktari."

"Mwambie kalamu," akasema mama yake. "Nimekikuta kifuniko mwenyewe, kimekuwa kama chapati."

Daktari akavuta daftari lake, akafungua kalamu. "Kama ni kalamu, basi huyu namtoa kwenye hesabu. Hakuna ubaya. Tutampachikia upya tu." Akamgeukia Mzee mlangoni, akasema kwa wema kabisa: "Ahueni kwako, mzee wangu. Zingekuwa tano juu ya mbili."

Pengo alikuwa amelala chali, mwanga unampiga usoni. Hakumwangalia mama yake wala daktari. Aligeuza macho tu, mpaka mlangoni, akayaacha pale.

Mzee Plasta akaona rafu zake tatu, sinki lake, kona ya meza iliyoliwa na maji, na kiti cha pili cha wagonjwa kimekaa katikati ya hivyo vyote. Mkono ukaingia mfukoni, ukakishika kiberiti, ukakaa hukohuko. Mama yake Pengo akamwona.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi." Akakitoa. "Daktari, usiandike kwanza. Angalia migongo."

"Migongo ya nini?"

"Ya hizi. Angalia kwanza, halafu andika unachotaka."

Daktari akazimwaga kwenye sahani ya chuma, akavaa miwani yake ya kukuza. Ule mrija wa kunyonya mate ukawa unakoroma peke yake pembeni. Akazigeuza zote tano. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nyavu ni tupu."

"Ndiyo."

"Gundi imebaki kwenye meno. Nilidhani ni rangi."

"Si kalamu," akasema Mzee. "Mtoto hajatafuna kitu. Ni mimi. Nilizipitisha kidole hiki, baada ya kuzisafisha. Na kilikuwa na mafuta, zile zilizotangulia ndizo zilizoyapata."

Mama yake Pengo akaushusha mkoba kutoka kifuani.

"Kidole," akasema daktari, pole pole. "Wewe. Ulizishika kwa kidole."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Na wale wengine kumi na mmoja? Nao ulihakikisha hivyo?"

"Hapana."

"Una uhakika? Maana kama uliwashika na wao, mzee, daftari lote hili nalitupa."

"Sikuwashika. Wale si wajukuu wangu, daktari."

Nesi akageukia kabati la dawa akajifanya anatafuta pamba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Daktari hakucheka. Alichukua kalamu. Kwenye safu ya trei akaandika tano, na pembeni yake neno moja dogo. Mzee akaisogeza shingo akalisoma: kidole.

"Nahesabu," daktari akasema. "Trei haijitengenezi yenyewe. Mkono wa anayeitengeneza umo ndani ya njia, kama wangu ulivyo kwenye ile nyingine."

"Haki yako."

"Kwa hiyo trei saba, mkono tatu."

"Nimesikia."

Kwenye kiti, Pengo akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa begi mgongoni. Akasema, "Mama?"

"Jumamosi utatoka," akasema mama yake, anaangalia sakafu.

"Na begi?"

"Begi sitalinusa tena."

"Na kile kifuniko kitupe, kinanitia aibu."

Daktari alikuwa tayari anavaa glovu nyingine. Akasema naweza kuzipachika hizi tano sasa hivi kwa mkono, nusu saa tu, tumalize. Pengo akakaa kitako. "Babu atengeneze tena," akasema. "Kushoto ni kwake."

Mzee akataka kukataa. Mdomo ukakataa kukataa.

Akapewa wiki moja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulihamisha kopo la mafuta kutoka dirishani mpaka mezani kwa dada wa mapokezi, akamwambia mimi nikija kuomba haya kabla sijavaa koti, ninyime. Dada akauliza kuna nini, akamjibu ni maradhi ya uzee. Akavaa glovu, yeye ambaye alikuwa anawacheka wanaovaa glovu kushika plasta. Akazipanga breketi tano mpya, akaziloweka, akabandua, akasugua, akakausha. Daktari alisimama mlangoni dakika kumi nzima mikono ameikunja kifuani, anatazama. Kila Mzee alipoinamia ile trei ndogo, kidole gumba kilimwasha ndani ya glovu kama kimeumwa na mdudu, kinataka kwenda kuona. Akakinyima. Alitazama kwa lenzi mara tatu, akafunga, akatoka mbio kabla hajabadili nia.

Alhamisi nyingine, kiti kilekile. Daktari akasafisha meno, akapaka dawa, akaosha, akakausha. Akapaka gundi kwenye migongo mitano. Akabandika. Nesi akahesabu sekunde kwa sauti huku taa ya bluu ikihama jino hadi jino. Mzee alikuwa amesimama miguuni pa kiti, amekishika kidole gumba ndani ya ngumi kama mtoto anayeogopa sindano.

Daktari akaanza kuubandua mpira. Hapo ndipo penyewe. Mpira unatoka, na ama breketi zinabaki, ama zinaondoka nao. Ukaachia jino la kwanza. Ukaachia la pili. Kwa la tatu ukavutika, mrefu, ukang'ang'ania, daktari akasimama. Akaomba kiwembe. Akachana mpira kidogo. Mzee akafumba macho.

"Fumbua, babu," akasema Pengo kwa mdomo wa samaki, maneno yametoka yamelowa. "Mimi ndiye niko kwenye kiti."

Akafumbua. Mpira ulikuwa kwenye sahani, mtupu. Daktari alikuwa anazisukuma breketi kwa ncha ya chuma, moja, mbili, anasukuma kwa nguvu kweli, tatu, nne, mpaka Mzee akatamani kumwambia inatosha. Tano. Hakuna iliyocheza.

"Haya," akasema daktari. "Kasukutue."

Pengo aliposhuka kwenye kiti alimpita babu yake, akamwonyesha meno yote, kulia na kushoto, akaenda zake kwenye sinki. Daktari akanawa mikono taratibu. Kisha akafungua droo, akatoa kipimo cha meno cha mtu mwingine, bado kina unyevunyevu, kimefungwa kwa kitambaa, akakiweka mikononi mwa Mzee.

"Wa Jumatatu huyu. Hayumo kwenye daftari. Trei, pande zote mbili."

Mzee akakitazama, akamtazama yeye. "Si umesema saba kwa tatu?"

"Nimesema. Na daftari halijafungwa, mwisho wa mwaka bado, kwa hiyo usianze kupiga mluzi." Akajifuta mikono kwa karatasi, kidole kimoja kimoja. "Lakini jana nimekaa nalo. Zako mbili za mwanzo nilizisoma, mgonjwa mmoja alikuwa na mate mengi, mwingine alipigwa kiwiko uwanjani akicheza mpira. Hizi tano umeniambia mwenyewe. Zangu tatu za mkono nimezigeuza mpaka leo, sijui zilidondoka kwa nini. Hilo ndilo linalonisumbua."

Mzee akaelekea kwenye chumba chake na kile kipimo, anakibeba kwa viganja viwili.

"Mzee," daktari akamwita. "Huyo wa Jumatatu ni nani wako?"

Akakigeuza, akachungulia ndani, alama za magego, jino la mbele lililokatika pembe. "Simjui kabisa."

"Vizuri," akasema daktari, akazima taa ya juu.